Friji Lililofuata Mwezi

Nyumbani kwetu Mugango friji si mali ya mtu mmoja. Mama mkwe wangu ana rafu ya chini, anakoweka sato na minofu ya sangara. Mume wangu ana rafu za katikati, soda na maji ya chupa ya kuwauzia wavuvi. Mimi nina ya juu, maziwa na juisi ya ukwaju. Mlango ni wa watoto wote wa mji wetu, maana kila mmoja anaamini kwamba akifungua yeye, mara moja tu, hakuna kitakachoharibika.

Ni friji la kioo, refu kumpita mume wangu, mtumba wa Ulaya ulionunuliwa Musoma mjini na kusafirishwa nyuma ya kirikuu likiwa limesimama wima, na shemeji, mdogo wake mume wangu, amelikumbatia njia nzima kwa sababu muuzaji alisema likilazwa mafuta ya kompresa yanapanda kwenye mabomba. Likawekwa sebule ya mbele, penye dirisha la kuuzia. Ndiko kuliko na soketi yenye waya wa ardhini ulio mzima, na ndiko mama mkwe anakohifadhi magunia yake ya dagaa wakavu akisubiri bei ipande. Friji na dagaa wakawa majirani. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Asubuhi moja sakafu ya sementi ilikuwa na maji. Akalaumiwa mtoto mdogo, akanyang'anywa kikombe. Kesho yake maji yakarudi wakati mtoto amelala kwa shangazi yake. Ikalaumiwa paa, na mvua haikunyesha. Mume wangu akasema friji limepasuka, likapanguswa, likasukumwa, likakaguliwa kwa tochi, likakutwa zima kabisa na baridi yake iko vilevile. Kisha maji yakakoma yenyewe, tukasahau, mpaka yaliporudi kwa wingi na kuingia chini ya gunia la mama.

Anayejua dagaa anajua hasara hiyo. Dagaa aliyeanikwa vizuri juu ya mawe na nyavu anakaa muda mrefu, lakini akiguswa na maji gunia zima linapata ukungu na harufu, na mnunuzi akitia mkono ndani anautoa bila kusema neno, anaondoka. Mama alimwaga gunia uani akatenganisha waliolowa na waliosalimika, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumuomba soda.

Aliyegundua mwendo wa yale maji ni shemeji, naye hakugundua kwa ufundi wa umeme. Yeye ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa: taa inawavuta, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu juu ya maji yanayong'aa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi inapumzika. Mwezi ukifa, wavuvi wanasema ni giza, na giza ndiyo msimu wa kazi. Shemeji alikuwa amekaa kibarazani anashona wavu, akamsikia mama akilalamika, akainua kichwa: "Mama, haya maji yanakuja kwenye giza. Mwezi ukiwaka sakafu inakauka. Nimeyaangalia."

Mama alimtazama kama anayesikia habari za uchawi ndani ya nyumba yake. Lakini shemeji alikuwa sahihi, na sababu yake haina uchawi wowote. Wakati wa giza wavuvi wanarudi alfajiri na kiu, wachuuzi wanafuata, na dirisha letu linaanza kazi kabla ya jua. Mlango wa friji unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa tena. Kila unapofunguka, hewa baridi inamwagika chini na hewa ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 ikishiba unyevu inabeba takriban gramu 23 za maji. Ikipozwa hadi nyuzi 4 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 6 na kitu. Tofauti hiyo haina pa kwenda ila kudondoka. Inaganda kwenye mapezi ya kipozeo ndani ya friji, na kompresa ikipumzika ile barafu inayeyuka, inashuka kwa mpira mwembamba mgongoni mwa friji na kuingia kwenye trei iliyo chini, karibu na kompresa.

Wengi tunamiliki mafriji miaka na miaka bila kujua kwamba trei hiyo ipo. Katika friji la kawaida la nyumbani joto la kompresa linatosha kuyakausha maji kidogo kidogo, hakuna anayeyaona. Friji la kioo la dukani lina maji mengi zaidi. Na mengi ya mafriji ya namna hii hupimwa kiwandani kwa mazingira ya duka lenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Alfajiri ya Mugango, pwani ya ziwa, haifanani na duka hilo. Trei yetu ilikuwa inajaa na kufurika, basi.

Mama akatoa shauri la kwanza, nalo lilikuwa shauri la busara: toboeni ukuta, pitisheni mpira, maji yaende nje. Nalisema hili kwa nguvu kwa yeyote mwenye friji la namna hii. Kama sakafu yako iko juu kuliko nje, fanya hivyo, usinunue kitu kingine. Maji yanayoshuka yenyewe hayadai umeme. Lakini trei yetu iko kiganja kimoja tu juu ya sakafu, na nyuma ya ukuta ule udongo umejaa mpaka umepita usawa wa ndani. Tundu lile lingetuletea maji ya masika badala ya kutoa ya friji, na panya juu yake.

Tukaishi na beseni kwa muda. Shemeji akaona maji yale ni masafi, hayana chumvi wala rangi, akajaza chupa apeleke kwenye betri ya taa zake za kuvulia. Fundi wetu wa mafriji akamzuia. Maji ya friji yametoka kwenye mvuke, kweli, lakini yamepita juu ya shaba na alumini na vumbi la miezi, na betri inataka maji yasiyo na madini kabisa. Chupa ile ikaishia kwenye mche wa mpapai.

Fundi huyo ndiye aliyetuletea hita ya kwanza. Ni fundi mzuri, anajua gesi, anajua kompresa, na mpaka leo namheshimu. Alichofanya ni kile ambacho mafundi wengi wanafanya pale kifaa chenyewe kinapokosekana: alichukua koili ya birika la umeme lililokufa, akaikunja ikaenea kwenye trei, akaiunganisha na waya wa friji. Trei ilikuwa ya plastiki ngumu. Akawasha. Baada ya muda mvuke ukaanza kupanda nyuma ya friji, sakafu ikakauka, na mama akamkaribisha fundi ugali na samaki.

Giza lile lote tulikaa kwa amani. Kitu pekee kilichotusumbua kilikuwa LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Yuniti zilikuwa zinakwenda kwa kasi ambayo mume wangu hakuizoea, akawa anaamka usiku kuzima taa ya choo.

Kisha mwezi ukajaa. Mitumbwi ikapumzika, shemeji akalala nyumbani, wateja wakapungua, watoto wakaenda kwa bibi mzaa mama, na mlango wa friji ukakaa umefungwa saa nyingi. Hapakuwa na maji ya kushuka. Trei ikakauka, lakini koili haikujua. Koili ya birika haina namna ya kujua. Ukiipa volti 230 inavuta umeme uleule, iwe ndani ya maji au hewani. Ndani ya maji, joto lake linachukuliwa na mvuke. Hewani halichukuliwi na kitu, linajikusanya mpaka chuma kinakuwa chekundu. Birika lenyewe lina kikatio cha kuliokoa likikauka, lakini kikatio kilibaki kwenye birika.

Aliyeamka wa kwanza ni mama. Alisikia harufu ya plastiki akadhani jirani anachoma takataka usiku wa manane, akatoka kumgombeza, akakuta moshi mweusi unatoka kwenye dirisha letu la kuuzia. Sauti yake ilitutoa wote kitandani. Mume wangu alitaka kukimbilia plagi nyuma ya friji, gizani, ndani ya moshi, na mimi nikamshika shati nikamwambia swichi kubwa kwanza. Shemeji ndiye aliyeifikia. Nyumba ikazimika. Tukangoja moshi upungue, tukaingia na tochi na ndoo ya mchanga. Trei ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na sakafu, waya za koili zimebabuka, na upande mmoja wa gunia la mama ulikuwa umeungua rangi ya kahawia. Shibiri moja zaidi na moto ungeshika gunia, na kutoka gunia ungepanda mpaka kwenye paa. Nilipoliona hilo miguu iliniishia nguvu.

Fundi aliitwa kulipopambazuka. Alipiga hodi, akamwamkia mama, "Shikamoo mama," na mama akaitika "Marahaba" kwa sauti ya chini, kisha akamuonyesha gunia bila maneno. Fundi alichuchumaa pale muda mrefu. Hakujitetea. Akaomba apewe siku chache.

Aliporudi alileta vitu viwili. Cha kwanza alikitoa kwenye friji letu lenyewe, ubavuni mwa kompresa: rilei ya kuwashia, kijiboksi cheusi kisichozidi kiberiti. Akakitikisa sikioni mwa mume wangu. "Ikilia ndani, imekufa. Hii hailii, nzima." Kila fundi wa mafriji anaijua hila hiyo. Ndani ya rilei nyingi za kompresa ndogo kuna kidonge cha kauri. Kompresa ikiwashwa, kidonge ni baridi na kinapitisha umeme mwingi, mota inapata nguvu ya kuanza. Kwa kufumba na kufumbua kidonge kinapata moto na kujifunga chenyewe, umeme wa kuanzia unakatika. Hakuna swichi wala sumaku humo, ni kauri tu.

"Miaka yote hii natikisa hiki kidonge," alisema, "sikuwaza kwamba kipo cha kuchemshia maji."

Cha pili kilikuwa hicho. Alikipata Mwanza, kwenye friji la duka kubwa lililochinjwa kwa ajili ya vipuri: trei ya chuma kisichoshika kutu na, chini yake, kipande bapa cha alumini chenye nyaya mbili. Katikati ya alumini ile kuna vigae vidogo vya kauri ya jamii ileile, bariamu titanati iliyochanganywa na chembe kidogo za madini mengine. Kauri za namna hii zilitoka kwenye maabara ya kampuni ya Philips kule Uholanzi miaka ya 1950. Kauri hiyo ikiwa na joto la chini, inapitisha umeme. Ikifika joto lake maalumu, ambalo kwa bariamu titanati tupu ni karibu nyuzi 120, umbo la ndani la fuwele zake linabadilika na mipaka kati ya chembe na chembe inakuwa kama milango iliyokomewa. Ukinzani wake unapanda maelfu ya mara ndani ya makumi machache ya nyuzi. Wanasayansi wanaliita joto hilo kwa jina la Pierre Curie, Mfaransa aliyechunguza jinsi joto linavyoondoa usumaku. Watengenezaji wanaweza kulisogeza: wakitia strontiamu linashuka, wakitia risasi linapanda.

Sasa weka maji juu yake. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Maadamu kuna maji kwenye trei, yanainyang'anya kauri joto lake, haifiki pale inapojifunga, na inaendelea kuvuta umeme na kufanya kazi. Maji yakiisha, joto linapanda, kauri inajifunga, umeme unabaki mdogo wa kuishikilia pale ilipo. Likidondoka tone jipya inapoa kidogo na kufunguka kidogo. Haihitaji kuambiwa kama ni giza au mbalamwezi.

Mume wangu alifurahi. Mama hakufurahi. Alisema maneno mazuri aliyasikia pia siku ya koili. Akataka kuona kwa macho yake, tena usiku, tena nje ya nyumba.

Basi tukatoa trei kibarazani juu ya matofali, mbali na kila kitu kinachoungua. Friji likachomolewa, taa zikazimwa zote, redio ikanyamazishwa, isibaki kitu kinachokula umeme ila ile hita. Fundi alihakikisha waya wa ardhini umefungwa kwenye chuma cha trei, na hili asiliruke mtu, maana umeme na maji na watoto wasio na viatu ni vitu vya kutenganishwa kwa makini. Kisha akamwambia mama aitazame mita ya LUKU. Mita ina kijitaa chekundu kinachokonyeza kwa kila kipande cha umeme kinachopita. Akamwaga maji kwenye trei, akawasha.

Kijitaa kilianza kukonyeza harakaharaka. Tukakaa mkekani. Mvuke ukapanda, majirani wawili wakaja kuuliza tunapika nini, wakakaa nao. Maji yakapungua mpaka yakawa mabaka, mabaka yakawa madoa, madoa yakaisha. Na kijitaa kikaanza kuchelewa. Mama alikuwa anahesabu kwa midomo kati ya konyezo na konyezo, na hesabu ikawa inarefuka. Fundi akatupa jani kavu la mwembe juu ya chuma. Likajikunja, halikuwaka. Tuliiacha hivyo, kavu na imewashwa, mpaka mama mwenyewe akasema inatosha. Hakwenda kulala kabla. Kulipokucha akamwaga kikombe cha maji, kijitaa kikaongeza mwendo tena, naye akatikisa kichwa polepole, akamwambia fundi aingize ndani.

Mume wangu alikuwa na tumaini moja lililobidi livunjwe, nalo lilihusu LUKU. Alidhani hita yenye akili itakausha maji kwa umeme mdogo. Haiwezekani. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunadai karibu sehemu saba za kumi za yuniti, iwe kwa kauri au koili, na hakuna fundi atakayeipunguza, maana hiyo ni tabia ya maji yenyewe. Faida ya kauri ni kwamba trei ikikauka haiendelei kula, na haichomi nyumba. Kwa bei zilizowekwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida anayevuka hapo analipa 292. Nyumba yenye friji la kioo haibaki kundi la kwanza. Kwa hiyo kila lita iliyokauka chini ya friji letu ni shilingi mia mbili na kitu, kabla ya kodi. Niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi nikaibandika juu ya kioo, watoto waisome kabla ya kushika mpini.

Niliona mapema kwamba dawa ya gharama iko mlangoni, haiko kwenye hita. Tulibadilisha mpira wa mlango, wa zamani ulikuwa umekakamaa upande wa chini na kupitisha hewa usiku kucha. Kisha tukanunua deli. Jioni ya giza soda na chupa za maji zilizokwisha kupoa zinahamia kwenye deli pamoja na barafu, na alfajiri wavuvi wanauziwa kutoka humo. Friji linafunguliwa mara chache, hewa ya ziwa haipati nafasi ya kuingia, na trei inapata maji kidogo kuliko zamani. Hita inafanya kazi ile tu isiyoepukika. Magunia ya mama yamepandishwa juu ya mbao, na hata kama trei haitafurika wala hita kuwaka maisha, mbao hizo haziondoki.

Limebaki suala la nani analipa. Giza bado linakula yuniti kuliko mbalamwezi, na hesabu ya mume wangu ikaonyesha kwamba anayelileta giza nyumbani ni shemeji na wenzake. Kikao kilifanyika baada ya chakula cha usiku. Shemeji akasema wavuvi ndio wanaonunua soda, faida si yake. Mume wangu akasema faida ya soda inarudi LUKU. Mama aliwasikiliza wote, akaamua kwamba kila giza shemeji alete ndoo moja ya dagaa kwa ajili ya umeme, na mume wangu anunue yuniti bila kunung'unika.

"Dagaa wabichi au wakavu?" akauliza shemeji.

"Wakavu," mama akajibu. "Wabichi mtaniwekea kwenye friji."